Muuguzi, Mofini na Mamlaka: Kuupima Upya Utayari wa Kumhudumia Mgonjwa Asiyepona

Utayari wa wauguzi kuwahudumia wagonjwa walio karibu na kifo hupimwa zaidi kwa dodoso. Kipimo kinachotumika sana, kile cha Katherine Frommelt cha mwaka 1991, kina kauli 30 ambazo muuguzi huzikubali au kuzikataa. Ni kipimo kizuri cha mtazamo. Hoja yangu ni kwamba katika hospitali za wilaya kama za Kilosa na Mikumi mtazamo si pa kuanzia. Kinachoamua utayari wa muuguzi ni kile anachoruhusiwa kufanya saa nane usiku, maumivu yanapompanda mgonjwa.

Tumchukue mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Amekwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilometa 300 kutoka Mikumi, taasisi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa peke yake nchini kutoa tiba ya mionzi. Sasa amerudishwa kwao. Kuanzia hapo anayemjua kwa karibu ni muuguzi: ndiye anayemsafisha, anayemgeuza, anayeulizwa na ndugu, “Sista, atapona?” Ndugu haohao humvuta pembeni wakamsihi mgonjwa asiambiwe. Muuguzi huyu anajua mengi ambayo dodoso la Frommelt halimuulizi: lini Mwislamu aelekezwe kibla na atamkishwe shahada, lini padre aitwe kwa mpako wa wagonjwa. Kwa Mikumi, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, zamu hiyohiyo inaweza kupokea majeruhi wa ajali, na anayekufa polepole akasubiri.

Maumivu ya mama huyu yana dawa. Mofini ya kunywa huandaliwa kwa kuchanganya unga na maji, si ghali, na imo katika ngazi ya kutuliza maumivu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1986. Hutolewa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Dawa ya namna hiyo haiwezi kutegemea saini ya mtu anayepita wodini asubuhi.

Uganda waliliona hili. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na upungufu wa madaktari vijijini ukawa kikwazo cha wazi. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa: wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, wakaruhusiwa kuandika mofini. Kwetu nako swali ni lilelile: kalamu hiyo iko mkononi mwa nani?

Wapo watakaosema elimu itangulie, kwa kuwa wauguzi wengi huogopa kwamba mofini itamfanya mgonjwa mraibu au itamkatisha pumzi. Hofu hiyo ipo, na inastahili kuheshimiwa. Lakini semina peke yake haiiondoi. Hofu huondoka pale muuguzi anapoitoa dawa mwenyewe chini ya msimamizi, akamwona mgonjwa aliyekesha siku tatu akilala, kisha akaamka na kuomba uji. Elimu na mamlaka viende pamoja.

Kwa hiyo mtafiti atakayekwenda Kilosa aongeze maswali manne: je, mofini ipo wodini usiku huu? Nani ana ufunguo wa kabati? Nani anaruhusiwa kuiandika? Muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi? Na majibu yafike kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya kufika kwa mhariri wa jarida.