Kimo cha Herufi katika Kiwambo cha Kompyuta: Asili Yake, Habari za Iringa, na Hatari kwa Kiswahili

Herufi iliyopigwa chapa juu ya karatasi ina kimo chake, na kimo hicho hakibadiliki. Ukurasa wenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, ukipigwa chapa Iringa mjini kisha ukachukuliwa Mbeya au Dar es Salaam, utafika na herufi zilezile kwa kimo kilekile. Herufi ya kiwambo cha kompyuta haina sifa hiyo. Programu moja, ikifunguliwa katika vyombo viwili, yaweza kuonyesha neno moja kwa kimo cha kusomeka vyema katika chombo cha kwanza, na katika cha pili kwa kimo cha chungu. Tena, mfumo endeshi ukijaribu kuikuza herufi hiyo, huenda ikatoka na ukungu, au ikatoka safi lakini mwisho wake umekatwa na ukingo wa kitufe.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: asili ya dosari hiyo, namna ilivyokutana na elimu ya kompyuta katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hususan Iringa, na sababu zinazoifanya iwahusu wachunguzi wa lugha ya Kiswahili, wala si mafundi peke yao.

I. Asili ya kipimo

Wapiga chapa wa Ulaya walipima herufi kwa pointi, na katika kompyuta pointi moja imekubaliwa kuwa sehemu moja ya 72 ya inchi. Kompyuta ya Macintosh, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 1984, ilikuwa na kiwambo chenye nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, na kila inchi ilibeba nukta 72. Kwa hiyo pointi moja ilikuwa nukta moja, na kilichoonekana katika kiwambo kililingana na kilichotoka katika karatasi.

Kampuni ya Microsoft ilishika njia nyingine. Mtu anayetazama kiwambo hukaa mbali zaidi kuliko anayesoma kitabu, takriban kwa theluthi moja. Basi herufi ikaongezwa theluthi, na 72 ikawa 96. Hesabu hiyo ilikuwa ya busara kwa wakati wake. Lakini namba 96 ikawa mazoea, na mazoea yakachukuliwa kuwa sheria. Watungaji wa programu waliacha kuuliza kiwambo kina nukta ngapi. Waliandika tu kwamba kitufe kiwe na upana wa nukta 75, au picha iwe na nukta 32 kwa 32, wakiamini kwamba inchi ina nukta 96 milele.

Si kwamba hapakuwa na njia bora. Tangu mapema mfumo wa Windows ulikuwa na kipimo cha visanduku vya maelezo kilichotokana na herufi yenyewe: upana ulipimwa kwa robo ya upana wa wastani wa herufi, na kimo kwa sehemu moja ya nane ya kimo chake. Aliyefuata kipimo hicho, kisanduku chake kilikua pamoja na maandishi. Tena mwaka 1991 Apple, na mwaka 1992 Microsoft, walianza kutumia herufi za TrueType, ambazo huchorwa kwa mistari ya kihesabu, na kwa hiyo zaweza kukuzwa bila kuharibika. Hapo ndipo ufa ulipoingia: herufi zilipata uwezo wa kukua, lakini vyumba vilivyozihifadhi, yaani vitufe, visanduku na picha ndogo, vilibaki vimepimwa kwa nukta. Mkazi alikua, nyumba haikukua.

II. Kompyuta nchini Tanzania, na darasa la Iringa

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matokeo ya kazi hiyo hayakuridhisha, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegea baadaye hatua kwa hatua. Kwa ajili hiyo, miaka ambayo mazoea ya nukta 96 yaliimarika ng'ambo ilikuwa miaka ambayo Tanzania ilikuwa na kompyuta chache mno. Na kompyuta zilipoanza kuenea, zilikuja na mazoea hayo yakiwa yamekwisha kukomaa. Hapakuwa na Mtanzania aliyeulizwa maoni juu ya namba hiyo.

Iringa, mji ambao jina lake huhusishwa na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, una sehemu yake katika historia hii. Chuo cha Kilutheri kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho tangu mwaka 2013 huitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari mwaka 2007, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Walimu waliohusika, miongoni mwao Matti Tedre na Mikko Vesisenaho, waliandika kwa urefu juu ya wazo moja: kwamba mtaala uliotungwa Ulaya au Marekani huficha ndani yake mazingira ya huko, kama vile umeme usiokatika, mtandao wa kasi na vyombo vipya, na kwamba elimu ya Iringa haina budi ianzie katika mazingira ya Iringa yenyewe.

Wazo hilo lilihusu mitaala, lakini lafaa sana kueleza dosari ya viwambo. Programu nayo huficha ndani yake kiwambo cha yule aliyeitunga. Anayetumia kiwambo kikuukuu chenye nukta 800 kwa 600 huona dirisha la programu mpya likizama chini ya ukingo, na kitufe cha kukubali kisionekane kabisa. Anayetumia kiwambo kipya chenye nukta tele huona herufi zikinywea. Wawili hao huonekana kuwa na mashaka yaliyo kinyume, lakini chanzo ni kimoja: mtungaji alidhani kwamba watu wote wana kiwambo kama chake.

III. Mwaka 2007 na baada yake

Mwaka huohuo wa 2007 ulileta mambo mawili makubwa. La kwanza ni mfumo wa Windows Vista, uliotolewa kwa watu wote mwezi Januari. Mfumo huo ulikuja na hila mpya: programu isiyotangaza kwamba inajua habari za kukuza ilidanganywa kwamba kiwambo kina nukta 96, ikaachwa ichore mchoro wake, kisha mchoro huo ukavutwa mpaka ukatosha. Ajabu ni kwamba neno la Kiswahili kiwambo hutokana na kuwamba, yaani kuvuta na kukaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Na hicho hasa ndicho kilichotendeka. Picha iliwambwa, na kama ngozi iliyovutwa kupita kiasi, ikapoteza uzito wake. Herufi zikawa na ukungu.

La pili ni kompyuta ndogo ya XO, iliyokusudiwa watoto wa shule na iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka huo. Kiwambo chake kilikuwa na inchi 7.5 tu, lakini kilibeba nukta 1200 kwa 900, yaani nukta 200 kwa kila inchi. Katika Afrika ya Mashariki iligawiwa kwa wingi nchini Rwanda; hivyo watoto wa huko walishika viwambo vyenye nukta nyingi kwa inchi kabla ya maofisa wengi wa Ulaya. Programu yake, iliyoitwa Sugar, ilitungwa kwa kiwambo hicho hasa. Na ilipofunguliwa katika kompyuta za kawaida, kila kitu kilitoka kikubwa mno, mpaka ikabidi kuwekwa namba ya kuipunguza: 100 kwa XO, na 72 kwa nyingine. Dosari ilikuwa ileile, ila imegeuzwa.

Viwambo vya namna hiyo vilikuwapo tangu awali kwa wenye uwezo. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa kiwambo cha T220, chenye nukta 3840 kwa 2400, yaani nukta 204 kwa inchi. Lakini jambo lilipata umaarufu mwaka 2012, Apple ilipouza kompyuta mpakato yenye nukta 2880 kwa 1800. Kampuni hiyo ilichagua kuzidisha kwa mbili kamili, na nukta moja ya zamani ikawa nukta nne mpya. Uteuzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Mstari wenye unene wa nukta moja, ukikuzwa kwa asilimia 200, huwa nukta mbili. Lakini ukikuzwa kwa asilimia 150, hutakiwa kuwa nukta moja na nusu, na nusu ya nukta haichoreki. Basi mstari huo ama hubaki mwembamba, ama huwa mnene mno, ama hupakwa rangi ya kijivu na kuonekana na ukungu.

Ukubwa wa tatizo waweza kupimwa kwa hesabu fupi. Herufi ya pointi 12 hupewa nukta 16 katika kiwambo cha nukta 96 kwa inchi, na nafasi yake huwa na kimo cha milimita 4.2. Nukta hizohizo 16, katika kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye nukta 3840 kwa 2160, ambayo hubeba nukta 315 kwa inchi, hushuka mpaka milimita 1.3.

Tiba zilikuja polepole. Windows 8.1, ya mwaka 2013, iliweza kutoa uwiano tofauti kwa kila kiwambo kilichounganishwa. Jambo lenye manufaa makubwa kwa mwalimu anayeunganisha kompyuta yake mpya na projekta kuukuu ya darasani. Katika mfumo wa Linux, mazingira ya GNOME yalianza mwaka 2013 kukuza kwa namba kamili tu. Ukuzaji wa sehemu ulitolewa kwa majaribio mwaka 2019, na mwaka 2022 yakapatikana maafikiano ya pamoja juu yake katika Wayland. Hata hivyo programu za zamani bado zinatumika, na programu ya zamani haijui maafikiano mapya.

IV. Kiswahili ndani ya kitufe

Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. Kazi kama hiyo huingiza maneno ya Kiswahili katika vyumba vilivyopimwa kwa Kiingereza. Amri ya kuhifadhi ina herufi nne katika Kiingereza. Hifadhi ina saba. Amri ya kubadilisha jina ina herufi sita. Badilisha jina, pamoja na pengo lake, huhitaji nafasi 14. Kitufe kikiwa na nafasi ya kutosha Kiingereza kwa shida, Kiswahili hukatwa; na herufi zikikuzwa katika kiwambo kipya hali kitufe hakikui, Kiswahili hukatwa kwanza. Mtumiaji wa Kiingereza aweza kufika asilimia 125 au 150 bila kuona kasoro. Mtumiaji wa Kiswahili ameiona zamani.

Madhara yake si ya sura peke yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba maana nzito mwishoni mwake. Funga na fungua, ficha na fichua, kunja na kunjua, ni jozi ambazo sehemu yao ya mwisho ndiyo inayogeuza tendo kuwa kinyume chake. Kitufe kikikata upande wa kulia na kubakiza Fung, hakuna awezaye kujua kama faili litafungwa au litafunguliwa. Lugha ambayo mzigo wake uko mwanzoni mwa neno yaweza kuvumilia kukatwa huko, Kiswahili hakiwezi. Kwa wanaosoma miswada ya kale ya hati ya Kiarabu katika kiwambo, hasara ni ya namna nyingine: be na te hutofautishwa kwa nukta tu, na picha iliyowambwa huweza kuunganisha nukta mbili zikawa moja.

Kubwa zaidi ni hukumu inayofuata. Mtumiaji aonaye maneno yamekatwa hailaumu namba 96, ambayo hajapata kuisikia. Huilaumu lugha: husema Kiswahili ni kirefu, hakifai kompyuta, kisha hurudi kwenye Kiingereza. Mfasiri naye hushawishika kufupisha, akaandika Badili mahali pa Badilisha jina, na maana ikapotea ili kitufe kiokoke. Hivyo kosa la kipimo huvishwa vazi la upungufu wa lugha.

Istilahi nazo zinadai uangalifu. Katika baadhi ya tafsiri, wingi wa nukta za kiwambo umeitwa azimio, kwa kufuata maana nyingine ya neno la Kiingereza. Lakini kwa Mtanzania azimio ni uamuzi wa watu waliokutana, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967, wala halina uhusiano na nukta. Idadi ya nukta katika inchi yaweza kuitwa msongamano wa nukta, na kukuza huku kukaitwa uwiano wa kukuza. Au yaweza kutumika skeli, ambayo wanafunzi wa jiografia wameizoea katika ramani. Linalotakiwa ni kutenganisha mambo mawili, yaani idadi ya nukta na kimo cha herufi, kwa kuwa kuyachanganya ndiko kulikozaa dosari yenyewe.

V. Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba dosari haikutokana na viwambo vipya, bali viwambo vipya viliifichua. Ilikuwamo tangu siku namba moja ya mazoea ilipochukuliwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Fundisho la walimu wa Iringa, kwamba chombo hakina budi kupimwa mahali kinapotumika, lawahusu wafasiri vilevile. Tafsiri ya programu haijakamilika maneno yanapokwisha kupatikana. Imekamilika inapofunguliwa kwa uwiano wa asilimia 100, 150 na 200, katika kiwambo kikuukuu na katika kipya, na Fungua ikasomeka mpaka herufi yake ya mwisho.