Nusura ya Njiani: Ada ya Madereva wa Safari Ndefu

Tarehe 10 Agosti 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akiazimia kulikata bara la Afrika mpaka Swakopmund, katika pwani ya magharibi, na alipowasili huko tarehe 1 Mei 1909 alikuwa amekaa njiani karibu miezi 21. Motokaa yake iliundwa Gaggenau mahususi kwa safari hiyo, nayo iliinuliwa juu sana ili ipite salama penye visiki na mawe. Na kwa kuwa porini hapakuwa na duka la petroli, akiba ya mafuta ilitangulizwa mbele yake na wachukuzi wa miguu, ikawekwa kituo kwa kituo. Pamoja na tahadhari yote hiyo chombo kiliharibika mara kwa mara, na mwenyewe akalazimika kukaa kitako muda mrefu akingoja vipuri vije kwa meli kutoka Ulaya. Hivyo gari la kwanza kuvuka bara hili lilifika mwisho wa safari yake kwa hisani ya watu waliokwenda kwa miguu, na tangu siku hiyo historia ya safari ndefu katika nchi zetu imekuwa historia ya mambo mawili: masurufu anayochukua msafiri, na nusura anayopewa na wenzake.

Mambo hayo mawili yalikuwako kabla ya motokaa. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikiongozwa na kirangozi, na kila mpagazi, aghalabu Mnyamwezi, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, licha ya mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mwenye msafara aliyeijua kazi alihesabu masurufu kabla ya kuhesabu faida: nguo na shanga za kununulia chakula, nyingine za kulipia hongo katika Ugogo, na vibuyu vya maji kwa ajili ya Marenga Mkali, nyika iliyowatisha hata wazoefu kwa ukame wake. Mpagazi akiugua, mzigo wake uligawiwa wenzake; lakini haifai kuupamba wakati ule kwa sifa usizokuwa nazo, maana si kila mgonjwa aliyengojwa, na mifupa ya walioachwa njiani ilionwa na wasafiri waliopita nyuma yao. Nusura ilikuwa ada, nayo ada, kama ilivyo desturi ya wanadamu, iliwafaa zaidi wale waliokuwa na ndugu au watani katika msafara.

Huko Ulaya jambo hili lilichukua sura ya mkataba. Chama cha wenye magari kilichoundwa London mwaka 1905 kilianza kwa nia isiyokuwa tukufu sana, nayo ni kuwaonya madereva mahali polisi walipojificha kuwapimia mwendo. Lakini walinzi wake waliopanda baiskeli hawakukawia kuwa mafundi wa barabarani, na tangu 1912 vibanda vya simu vilisimamishwa kando ya njia, kila mwanachama akiwa na ufunguo wa kuvifungulia. Chama cha Ujerumani, ADAC, kilichozaliwa mwaka 1903 kikiwa cha waendesha pikipiki, nacho kilianzisha doria zake za mafundi mwaka 1954. Kwa ajili hiyo mwenye gari-nyumba wa Kijerumani, afungaye safari na mkewe na watoto, kitanda na jiko, huharibikiwa bila ya fedheha kubwa: hupiga simu, hutaja mahali alipo, kisha huchemsha chai ndani ya nyumba yake mpaka fundi atokee. Chama cha namna hiyo kilianzishwa Nairobi pia, mwaka 1919. Lakini kilikuwa chama cha wenye magari, naye dereva wa lori la mizigo, aliyekuwa na umahiri wote wa kuliendesha, hakuwa na gari.

Dereva huyo ilimbidi ajitengenezee nusura yake mwenyewe, na msingi wake ulikuwa utingo. Utingo alikuwa kijana aliyelala juu ya mzigo chini ya turubai, aliyeshuka mbio katika mlima kutia kabari nyuma ya gurudumu, aliyechota maji ya rejeta mtoni, na ambaye ujira wake mkubwa, kwa hakika, ulikuwa elimu. Alianza kwa kuosha, akaendelea kushika spana, akaruhusiwa kulisogeza lori uani pa gereji, na baada ya miaka, akijaliwa kuwa na bwana asiye mchoyo wa maarifa, aliketi nyuma ya usukani na kuajiri utingo wake. Mafundi wengi wa gereji za mijini walikuwa Masingasinga, na kijana aliyesimama karibu nao akawapa nati na kupokea nati aliondoka na ujuzi ambao hapakuwa na skuli ya kumfundisha.

Zana zao zilijulikana, na dereva aliyetoka bila ya mojawapo alihesabiwa mzembe hata asipopatwa na jambo: jeki mbili, kwa sababu moja huzama topeni, mtaimbo, koleo, shoka na sepetu, mnyororo wa kuvutia, pampu ya mkono, viraka na solusheni, feni belti ya akiba, majani mawili matatu ya springi, waya, na madebe ya maji ambayo hayakunywewa hata kwa kiu. Lakini sifa ya fundi wa njiani ilionekana pale akiba ilipokwisha. Springi ikikatika porini, utingo alikata mti mgumu, akauchonga ukae sawasawa chini ya jani lililovunjika, kisha akauzungushia kamba pana za mpira zilizokatwa kutoka katika tyubu kuukuu, akiegemeza mguu kwenye ekseli na kuvuta kila mzingo mpaka mishipa ya shingo imtoke, na lori likaenda mwendo wa kinyonga mpaka mji wa mbele. Tangi likitobolewa na jiwe, alisugua kipande cha sabuni ya mche juu ya ufa mpaka ukajaa, kwa kuwa sabuni huyeyuka katika maji, lakini katika mafuta haiyeyuki hivyo. Tyubu ikikosa kutibika, mpira ulishindiliwa majani makavu. Wahenga waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walikuwa wakieleza kazi hii kabla haijazaliwa.

Mtihani mkubwa wa ujuzi huo ulikuja kwa sababu ya siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru kinyume cha sheria, na kabla Desemba haijaisha Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia nchi hiyo, ilikuwa imekatiwa. Mapipa ya petroli yakapakiwa malorini Dar es Salaam, yakapelekwa kwa njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, na malori yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo: kiangazi ilitoa vumbi lililomficha anayetangulia, masika iligeuka uji, na watu wakaiita njia ya Jehanamu. Katika mlima wa Kitonga, baina ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, dereva aliyeshuka na shehena ya shaba huku breki zikinuka moto hakuwa na chama cha kukipigia simu, wala simu yenyewe. Na katika mbuga ya Mikumi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, aliyeharibikiwa usiku alifunga milango akangoja alfajiri, kwa kuwa simba hawakusoma notisi.

Ndipo ada ya njia ilipokomaa. Aliyeharibikiwa alikata matawi mabichi akayatandaza barabarani, nyuma na mbele ya gari, kwa hatua nyingi, na anayekuja alipoyaona alipunguza mwendo, akajua bila ya kuambiwa kwamba sharti asimame. Aliposimama hakuulizwa anatoka kampuni gani. Alitoa alichonacho, spana, maji, unga, au nafasi ya utingo mmoja kwenda mjini kutafuta kipuri huku mwenzake akilinda mzigo kwa siku kadhaa. Vitu hivyo havikuandikwa popote, wala havikulipwa kwa fedha. Vililipwa njiani, aghalabu kwa mtu mwingine kabisa. Ila ada hiyo ilikuwa na doa lake: wengi walitumia mawe badala ya matawi, na gari likishatengemaa waliondoka wakayaacha pale pale, na jiwe lililowekwa ili kumlinda mmoja likamuua mwingine gizani.

Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Safari ikawa nyepesi, na wepesi huo ukailegeza ada. Katika lami gari hupita kwa kasi ambayo huruka tawi kabla dereva hajalitambua, na majambazi nao walijifunza kutandaza matawi, hata hofu ikawa hoja ya haki kwa asiyesimama. Simu ya mkononi ikamwezesha dereva kumwita fundi wa tajiri wake, na sheria ikaamuru pembetatu zinazong'aa mahali pa majani, jambo jema, kwa kuwa pembetatu huokotwa na kurudishwa garini ilhali jiwe husahauliwa.

Mageuzi hayo si ya kulaumiwa, wala hapana mwenye akili atakayetamani tope la 1966 kwa ajili ya fadhila zake. Lakini ipo tofauti isiyofaa kufichwa. Mzungu wa gari-nyumba, alipouacha wema wa wapita njia, aliukabidhi kwa chama alicholipia ada ya mwaka. Sisi tumeuacha, na wengi wetu hatujauweka mikononi mwa yeyote, tukitegemea kwamba simu itakuwa na chaji, na mtandao utakuwapo, na fundi atapokea. Sheria yaweza kumlazimisha dereva kuchukua pembetatu. Kumlazimisha kusimama haiwezi. Kwa hiyo afungaye safari ndefu leo, awe na lori, basi au gari dogo la jamaa zake, na aikague jeki na maji kama walivyofanya watangulizi wake, kisha ajiulize ni mara ngapi yeye mwenyewe amesimama. Kwani nusura ambayo hakuna aliyeilipia kwa fedha haina budi kulipiwa kwa desturi, na desturi hudumu kwa muda ule tu ambao watu huitenda.