Siku Ihyaa Ilipotiwa Moto Cordoba

Ndugu msomaji, tukisikia kitabu kimepigwa marufuku, haraka tunawalaumu watawala wasioitakia dini yetu kheri. Historia ya Waislamu wenyewe ina somo lake katika mlango huu, nalo si vyema tukalificha.

Mwaka 503 Hijria (1109 Miladia), huko Cordoba, nchi ya Andalusi, kitabu Ihyaa Ulumiddin cha Imam Ghazali, Allah amrehemu, kilichomwa hadharani kwenye uwanja wa msikiti mkuu. Mwenyewe alikuwa bado yu hai. Alifariki mwaka 505. Mtawala alikuwa Ali bin Yusuf bin Tashfin wa dola ya Murabitun, na aliyesimama mbele katika jambo hilo ni Kadhi wa mji, Ibn Hamdin. Hawa walikuwa Waislamu walioshikamana na madhehebu ya Imam Malik.

Walilalamikia usufi na ilmul kalam. Lakini tukumbuke kuwa ndani ya Ihyaa Imam Ghazali amewakemea vikali wanavyuoni wanaoifanya fiqhi kuwa ngazi ya kupandia vyeo na mali. Maneno hayo hayakuwa matamu kwa waliokaa karibu na mlango wa mtawala.

Hata hivyo, si mafakihi wote walioridhia. Katika mji wa Almeria, al-Barji alitoa fatwa kuwa aliyekichoma kitabu hicho atiwe adabu na alipe thamani yake. Kifiqhi hoja yake iko wazi: kitabu ni mali, na mwenye kuharibu mali ya mwenziwe hudhamini.

Mwaka 538 (1143) Tashfin bin Ali aliwaandikia watu wa Valencia, akaamuru vitabu vya Ghazali vitafutwe na vichomwe. Mwaka 541 (1147) Marrakesh, mji mkuu wao, uliangukia mikononi mwa Muwahhidun.

Je, moto ulizimika? La. Yaqub al-Mansur, mtawala wa Muwahhidun kuanzia 1184 hadi 1199, aliamuru vitabu vya furuu vya Kimaliki vichomwe, ikiwemo Mudawwana ya Sahnun. Mwanahistoria Abdulwahid al-Marrakushi ameeleza kuwa alikuwapo Fez, akaona mizigo ya vitabu ikiletwa na kutiwa moto. Mlango waliofunguliwa Maghazali ukawa mlango wa kuingilia nyumba ya Wamaliki.

Leo Ihyaa inasomwa, na Mudawwana ingali rejea. Wenye makosa ya kuonesha walikuwa na njia iliyo bora. Al-Mazari, naye Mmaliki, aliikosoa Ihyaa kwa kalamu. Al-Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806, alizifuatilia hadithi zake moja moja, akabainisha sahihi na dhaifu. Kazi yake huchapwa pamoja na kitabu chenyewe hadi leo.

Basi tunapohitilafiana sisi kwa sisi, tusikimbilie kumwomba mwenye mamlaka amnyamazishe mwenzetu. Hoja hujibiwa kwa hoja. Rungu tunalomkabidhi mtawala leo, hatujui kesho atampiga nalo nani.

Wabillahi tawfiq.