Sabuni Isiyo na Jina

Sokoni Kamina, mji wa Katanga nchini Kongo, sabuni ya kienyeji huuzwa kwa mche mrefu. Muuzaji huupima kwa macho, akakata kipande kwa waya au kisu, akakifunga kwa karatasi yoyote iliyo karibu. Sabuni hiyo haina chapa wala jina. Ukitaka kujua imetoka wapi utaelekezwa uani kwa mtu, pengine nyumba ya pili tu, kwenye nusu pipa, mwiko mrefu wa mbao na visanduku vilivyotandikwa nailoni.

Namna ya kuipika si siri. Kilo moja ya kostiki huyeyushwa majini (maji hutangulia, kostiki hufuata, anayegeuza utaratibu hurukiwa usoni) na kuachwa ipoe mpaka kesho yake. Mafuta ya ngazi (matunda ya mchikichi), kama kilo saba, huunguzwa kwanza ili wekundu upungue, maana hakuna anayependa sabuni inayotia rangi shati jeupe. Yakipoa kiasi, kostiki humiminwa polepole huku mwiko ukizunguka upande mmoja, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtoto. Mwenye uwezo huongeza mafuta ya kokwa: yale ya ngazi huipa sabuni ugumu, ya kokwa huipa povu. Kwa haki sabuni hiyo ingekaa wiki nne kabla ya kugusa ngozi. Haikai. Ada ya shule haingoji wiki nne.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu waliotajirika kupita kiasi kwa mafuta yaliyochanganywa hawakujua mengi zaidi ya hayo. Tofauti yao na mama wa uani ilikuwa kwingine.

William Lever alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na kijana alipoingia dukani alipewa kazi ya kukata miche ya sabuni na kuifunga. Kazi ileile ya soko letu. Mwaka 1884 alisajili jina Sunlight, na mwaka uliofuata akaanza kutengeneza sabuni yake mwenyewe mjini Warrington. Hakuwa mkemia; mchanganyiko ulitoka kwa mtaalamu wake aliyeitwa Watson: asilimia 41.9 mafuta ya mbata au ya kokwa za michikichi, 24.8 shahamu ya wanyama, 23.8 mafuta ya mbegu za pamba, na 9.5 ulimbo. Vitu vinne vya kawaida, ambavyo kila mpika sabuni wa siku hizo angeweza kuvinunua. Jipya lilikuwa kwamba Lever aliukata mche kiwandani, akafunga kila kipande katika karatasi yenye jina, kisha akalitangaza jina hilo mpaka wanawake wakaacha kuomba sabuni dukani wakaanza kuomba Sunlight.

Uholanzi, wafanyabiashara wa siagi wa mji wa Oss, akina Jurgens na Van den Bergh, walipita njia hiyohiyo kwa majarini, kitu alichokibuni Mfaransa Mège-Mouriès mwaka 1869. Hiyo nayo ni mafuta yaliyochanganywa na kupewa sura ya kitu kingine. Wapishi wa majarini na wapishi wa sabuni wakajikuta wakigombea mapipa yaleyale, na ugomvi huo ndio uliowafanya waungane: Unilever ilianza kazi mwanzoni mwa 1930.

Lakini kabla ya hapo Lever alikuwa ameshaona kwamba jina bila mafuta ni karatasi tupu. Alitaka mashamba yake Afrika Magharibi, na serikali za kikoloni za Kiingereza zikamnyima ardhi kwa masharti aliyoyataka. Wabelgiji walimpa. Mkataba wa Aprili 1911 uliiruhusu kampuni yake, Huileries du Congo Belge, kuchagua hadi hekta 750,000 za misitu ya michikichi ndani ya duara tano, kila moja ikiwa na nusu kipenyo cha kilomita 60: Bumba, Barumbu, Ingende, Lusanga na Basongo. Lusanga ikaitwa Leverville. Mwaka 1912 sabuni ya kwanza iliyopikwa kwa mafuta ya Kongo ilipelekwa kwa Mfalme Albert wa Ubelgiji ndani ya kisanduku cha pembe za ndovu. Tangu lini sabuni ikawekwa ndani ya pembe?

Mkataba uliidai kampuni shule na hospitali, na zilijengwa. Uliwaacha pia wakata ngazi, wale wanaopanda mchikichi kwa mkanda kiunoni, mikononi mwa kampuni moja yenye mnunuzi mmoja. Aliyekataa kukata alikutana na askari wa serikali na kodi yake. Mwaka 1931, bei ya ngazi iliposhushwa wakati kodi haikushuka, Wapende wa Kwango waliasi, ofisa wa Kibelgiji aliyeitwa Balot akauawa, na jeshi likaua watu kwa mamia. Mtu akisifu akili ya biashara ya Lever bila kutaja mwaka huo, anasifu karatasi ya kufungia.

Kwa nini mtu wa Kamina ajali mambo ya Kwango na Kasai? Kwa sababu ya reli. Basongo, duara la tano, ipo jirani na Ilebo, na Ilebo, enzi hizo Port-Francqui, ndipo reli ya B.C.K. kutoka Katanga ilipofika mwaka 1928. Mafuta ya Kasai yakapata njia mbili: mto, kwenda Kinshasa na baharini, na treni, kupitia Kamina, kwenda migodini. Huko mafuta ya ngazi yalikuwa sehemu ya poso ya mchimba shaba, pamoja na unga na chumvi. Mwaka 1956 reli ya kwenda Kabalo ilipokamilika, Kamina ikawa njia panda kamili.

Na si reli iliyoyafundisha mafuta kusafiri upande huu. Katika dola ya Waluba, mafuta ya ngazi na nguo za rafia zilishuka kutoka kaskazini, kwa Wasonge, na chumvi na chuma zikapanda kutoka kusini. Waluba pia walikuwa na mchanganyiko wao: mafuta ya ngazi na nkula, unga mwekundu wa mti, uliopakwa mwilini na kwenye sanamu za heshima. Sanamu hizo sasa zipo katika makumbusho ya Ulaya, na wanaozitunza huustaajabia weusi wake wa kung'aa. Kwa sehemu ni mafuta hayo, yaliyopakwa kwa mikono ya vizazi.

Baada ya uhuru hadithi ikageuka. Mali za wageni zilitwaliwa kuanzia Novemba 1973, nyingine zikarudishwa, mashamba yakachakaa. Mwaka 2009 Unilever iliyauza mashamba yake ya Kongo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marsavco ya Kinshasa, kiwanda cha sabuni na mafuta kilichozaliwa 1922, ilikuwa imeshaingia mikononi mwa kundi la Rawji, familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walioanza upande wa mashariki ya nchi. Kenya hali ilikuwa hiyohiyo: mwaka 2002 Bidco ya Bhimji Depar Shah, mtu aliyeanza na nguo, ilinunua Kimbo na Cowboy kutoka kwa Unilever. Yaani walinunua majina. Mafuta ya kukaangia wangeweza kuyatengeneza bila kumlipa mtu yeyote.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani fundi wa sabuni wa Kamina ameshindwa na elimu. Anachokosa ni bei ya kostiki isiyobadilika kila mwezi, treni ya S.N.C.C. inayofika siku iliyotajwa, na mche wenye jina lake juu yake. Mafuta yenyewe yanampita mlangoni, kwenye bidoni za lita 20 zilizofungwa kwa kamba juu ya mabehewa kutoka Kasai na juu ya baiskeli kutoka vijijini.

Kuhusu Sunlight tunajua mpaka asilimia ya ulimbo. Kuhusu sabuni ya Kamina hakuna anayejua ni nani aliyeipika kwanza, alijifunza wapi, na reli ilimletea kostiki ya kwanza mwaka gani. Wazee wa shemi-de-fer (reli) waliopokea mapipa ya kostiki stesheni wamebaki wachache. Msomaji mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, akae naye na kalamu kabla ya masika haya kuisha.