"Went" si wa ukoo wa "go"

Mwanafunzi wa Kiingereza hukaririshwa kwamba wakati uliopita wa "go" ni "went", wala haelezwi kuwa hayo ni maneno ya koo mbili. "Went" lilizaliwa na "wend", kugeuka na kushika njia, kama "send" inavyozaa "sent". Kwa wakati uliopita wa "go", Kiingereza cha kale kilitumia "eode", nalo halikutokana na "go". Kufikia mwaka 1500 hivi "went" likawa limeshika nafasi ya "eode". Atakayeshangazwa na umbo hili lisilofuata kanuni atasema kitenzi cha kila siku ndicho kingepaswa kunyooka kwanza. Naona kinyume kabisa. Neno adimu husahaulika umbo lake, likalazimishwa kufuata kanuni. Linalosikika kutwa hudumu na ukaidi wake. Hata Kiswahili, kinachoamuru "soma" na "lala", kwa "kuja" husema "njoo", na mtoto hulijua kabla hajaanza shule.