Mdudu-kibibi wa Asia: Wananchi walivyomfuatilia kwenye ramani

MWAKA 2004, mdudu-kibibi mgeni mwenye asili ya Asia alionekana kwa mara ya kwanza nchini Uingereza, katika mkoa wa Essex. Mdudu huyo, anayeitwa kitaalamu Harmonia axyridis, ana urefu wa milimita 5 hadi 8 tu. Awali alipelekwa Marekani na bara la Ulaya ili ale vidukari wanaoshambulia mazao.

Mwaka 2005 wanasayansi wa Uingereza waliwaomba wananchi kumtafuta. Utaratibu huo, ujulikanao kama sayansi ya wananchi, hudai mambo manne katika kila taarifa: aina ya mnyama, mahali, tarehe na jina la aliyemwona. Kwa kuwa mgeni huyo ana rangi nyingi na huweza kufananishwa na wadudu-kibibi wa asili, wataalamu huhakiki picha kwanza. Taarifa zilizothibitishwa huingizwa kwenye ramani iliyogawanywa katika miraba ya kilomita 10 kwa 10.

Kumbukumbu hizo zilifichua hasara kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa, ndani ya miaka mitano tangu mgeni huyo aingie, mdudu-kibibi wa asili mwenye madoa mawili alipungua kwa asilimia 44 nchini Uingereza na asilimia 30 nchini Ubelgiji. Mgeni hugombea chakula na wenyeji, na pia hula mayai na mabuu yao.

Hata hivyo, ramani za namna hiyo husomwa kwa tahadhari. Taarifa nyingi hutoka mahali penye watu wengi; hivyo mraba mtupu hauthibitishi kwamba mdudu hayupo. Huenda hakuna aliyemtafuta.

Suala hilo linaihusu pia Afrika. Mdudu huyo aligunduliwa Afrika Kusini mwaka 2001, na baadaye akaripotiwa Kenya na Tanzania. Mkazi wa mjini mwenye simu ya kamera anaweza kusaidia: apige picha ya mgongo na kichwa cha mdudu, aandike mahali na tarehe, kisha atume kwenye mtandao wa iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008, ambao hupokea taarifa kutoka nchi yoyote. Aidha, asimuue mdudu asiyemtambua, kwani huenda ni yule wa asili anayelinda mboga zake dhidi ya vidukari.