Toka mbuzi ya kyaghanda mpaka honoreri ya avoka

Hapa kwetu Butembo na Beni kuna kesi inayozaliwa siku ile kesi nyingine inakufa. Mutu ameshinda, kiwanja chake kimerudi, nyumbani ni furaha. Kisha wiki mbili avoka anafika na karatasi: feza yake haijaisha. Mwenye kushinda anashangaa: « Na ile tulikupa kila mara ukienda tribinali? » Mapatano yalikuwa ya mdomo, na sasa kila mutu anayakumbuka kwa namna yake.

Wazee wetu Wayira walisikia matata ya shamba, ya mahari na ya mbuzi iliyokula mihogo ya jirani ndani ya kyaghanda, pale wanaume walipoota moto na kuzungumuza. Hapakuwa mutu wa kukusemea kwa mushahara. Ulisema mwenyewe, ao mukubwa wa ukoo alikusaidia. Malipo yalikuwako, tusidanganyane: mbuzi na kasikisi. Lakini vililetwa mbele ya macho ya wote na kuisha siku ileile, na aliyeshindwa alikunywa pamoja na aliyeshinda. Deni halikulala. (Wengine watasema tunapamba mambo ya zamani. Ni kweli, asiye na mbuzi alihangaika hata wakati ule.)

Wabelgiji, kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926, walipanga mahakama za wenyeji, hukumu zikaingia katika kitabu cha karani. Kisha uhuru, sheria ya tarehe 10 Julai 1968 ilipanga barro ya nchi yetu, na ile ya tarehe 28 Septemba 1979 ikachukua nafasi yake. Hii ya pili iliweka avoka kwenye kila korti ya rufaa, na defanseri kwenye kila tribinali kubwa. Sisi raia tunawaita wote « metre », na hapo ndipo matata mengi yanaanza. Mutu anamulipa defanseri wa Butembo mpaka mwisho, halafu mushindani anakata rufaa. Defanseri hana ruhusa ya kusema mbele ya korti ya rufaa. Lazima kutafuta avoka na kulipa upya, na muteja anaona ameibiwa, kumbe hakuna aliyemweleza.

Kitu kingine ni udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na familia zilizolima kwa desturi, bila karatasi yoyote, zikajikuta mbele ya watu wenye karatasi. Zilihitaji avoka bila kuwa na feza. Basi neno likawa lile: « Tukishinda, nitakukatia kipande. »

Baba mudogo wetu alisema neno hilo juu ya shamba lake la kakao upande wa Beni. Kesi ilikula miaka sita. Aliposhinda, avoka alidai robo ya shamba. Baba mudogo alihesabu dola, kuku na mafuta ya moto aliyotoa. Avoka alihesabu safari na usiku wa kuandika. Hakuna hata mumoja aliyekuwa na risiti.

Desturi ya barro tuliyorizi toka Ulaya inamukataza avoka kugawana na muteja kitu kinachogombaniwa. Ni jambo la zamani sana: Waroma, kwa sheria ya Cincia ya mwaka 204 mbele ya Kristo, walikataza kupokea zawadi juu ya kusemea mutu, na baadaye mufalme Claudius akaruhusu, lakini isipite sesterse 10 000. Hata jina honoreri linatoka kwao: zawadi ya heshima. Avoka wetu wanalipa nyumba na masomo ya watoto kama sisi waalimu, heshima peke yake haitoshi. Tunasema tu bei itajwe mbele, kwa maandishi.

Kwa ugomvi wa namna hii, mulango wa kwanza ni batonie, pamoja na wakubwa wa Ordre wanaopima kama bei ni ya haki. Tazama, ni wazee tena! Lakini kwa miaka mingi batonie wetu alikuwa Goma, mbali sana kwa mulimaji. Tena njia ya Goma inapita Kanyabayonga na Rutshuru: M23 walitwaa Rutshuru mwaka 2022, Kanyabayonga 2024, na Goma yenyewe mwezi wa kwanza 2025.

Ya baba mudogo iliisha mbele ya hapo, chini ya muparachichi, kati ya wazee wawili wa ukoo na avoka mwenyewe, aliyekubali kuja. Alipewa mavuno ya misimu miwili, shamba likabaki nzima. Mbuzi ilichinjwa, wote wakakula. Baba mudogo aliomba risiti, hata ya mbuzi.